Unga Umeumuka, Jina Linaitwa

Unga ulikandwa saa kumi na moja alfajiri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu unga ukishatiwa hamira haujui kusubiri. Binadamu anajua. Joséphine-Marie alikuwa amesubiri miaka tisa.

Alifundisha darasa la nne katika shule ya mbao iliyo juu ya barabara, hapo Hombo, mahali malori yanayotoka Bukavu yanapopumzika kabla ya kuingia Walikale. Kwenye makaratasi ya serikali aliitwa nouvelle unité, maana yake mwalimu mpya ambaye bado hajaanza kulipwa. Mpya, baada ya miaka tisa! Wanaotunga maneno hayo wamekaa chini ya feni, hawajui kwamba viatu alivyoanzia kazi vilishaoza, vikafuatiwa na vingine navyo vikaoza. Ili alipwe ilibidi awe mécanisée, yaani jina lake liingizwe kwenye mashine ya malipo huko Kinshasa. Mama yake, Mama Anne, alipolisikia neno hilo mara ya kwanza alidhani binti yake atafanywa fundi wa magari, akauliza kwa wasiwasi kama itabidi avae suruali. Siku ile walicheka sana. Siku hizi neno hilo lilikuwa halichekeshi tena mle nyumbani.

Mkate ulianza kama mchezo. Joséphine-Marie alijifunza kuoka Bukavu, miaka miwili aliyokaa huko kama mkimbizi kabla ya kuanza kufundisha, kwa mama mmoja aliyekuwa na tanuri uani. Mwaka uliopita alizika nusu ya pipa la chuma ndani ya udongo wa kichuguu nyuma ya jiko, akawasha moto, akaoka mikate michache ya Jumamosi. Ikaisha kabla hajaifikisha barabarani. Mwaka mzima alikwenda hivyo, Jumamosi kwa Jumamosi, mpaka Guy alipopita. Guy ni dereva ambaye madereva wenzake humfuata nyuma kwa sababu anaijua ile barabara na mashimo yake yote. Alikula mkate wa kwanza akiwa amesimama, wa pili akiwa ameketi, kisha akasema anachotaka: mikate mia mbili kila Ijumaa, ya kupeleka kwa wenye migahawa huko Walikale. Ijumaa ya kwanza ikienda vizuri, wataongeza na Jumanne. Ijumaa ikikosa, atachukua kwa mwokaji wa Bunyakiri. Hakusema kwa ubaya. Mlima ulio mbele huruhusu malori kupanda hadi saa sita tu, baada ya hapo ni zamu ya wanaoshuka, na Guy hakuwa na nafasi ya kumbembeleza mtu.

Sasa mtu haoki mikate mia mbili Ijumaa asubuhi huku akifundisha hesabu za sehemu za kumi. Ilikuwa ama tanuri ama ubao. Kwa wiki tatu Joséphine-Marie aliamua kila asubuhi na kujitengua kila jioni. Akisimama mbele ya wanafunzi aliona haya kwamba anafikiria mikate, na akisimama mbele ya tanuri aliona uchungu kwamba anafikiria serikali. Mama Anne, yeye hakuwa na shaka hata kidogo.

"Mwalimu ni muntu ya heshima," alimwambia. "Muuza mukate ni muntu ya barabara. Njo ulisoma juu ya barabara?"

Katikati ya hayo zikaja habari za ukaguzi. Wakaguzi watapita shule kwa shule na orodha mkononi. Mwalimu atakayekutwa mbele ya wanafunzi wake, akaitwa jina na kuitika, atathibitishwa. Asiyekutwa atafutwa, na nafasi yake apewe mwingine anayengoja nyuma yake. Walisema watakuja Jumatatu. Jumatatu walimu wote sita walivaa nguo za kanisani wakangoja. Jumanne wakavaa zile zile. Jumatano ikanyesha. Alhamisi alasiri Papa Symphorien, mkurugenzi wa shule, akapigiwa simu kwamba pikipiki za wakaguzi zimekwama mahali, na kwamba watafika wiki inayofuata.

Joséphine-Marie alishusha pumzi. Aliomba ruhusa afundishe Ijumaa hadi saa tatu, kisha mkurugenzi amshikie darasa. Papa Symphorien aliitikia kwa kichwa kama mtu ambaye hakusikia vizuri na hataki kurudiwa. Basi alfajiri ya Ijumaa akakanda unga. Alimwonyesha mama yake namna ya kuufunika, akamwomba awashe moto ikifika saa tatu, akapanda shuleni akiwa na unga kwenye kucha.

Saa mbili juu ya alama, pikipiki mbili zikapanda mlima wa shule.

Wakati huo alikuwa akisoma majina, na hapa lazima nieleze jambo la darasa lile, maana bila hilo hadithi yote haina maana. Alikuwa akipanda na watoto wale tangu darasa la kwanza. Mwaka ule wa kwanza risasi zilifika karibu na daraja, kijiji kikamwagikia msituni, na shule ilipofunguliwa tena darasa lilikuwa nusu. Asubuhi ya kufunguliwa alisoma jina la Shekinah, hakuna aliyeitika. Alikwisha shika kalamu aweke msalaba wa asiyekuwepo, mara msichana aliyekuwa akiketi naye dawati moja akasema taratibu, "Atarudia, Madame," yaani atarudi. Mkono ukamshinda. Akaweka nukta badala ya msalaba. Tangu hapo, kila jina likikosa mwenyewe, darasa zima huitika: Atarudia. Kila mwaka Joséphine-Marie alinakili majina kwenye daftari jipya pamoja na nukta zake. Prince alirudi baada ya mwaka na miezi miwili, jina lake likasomwa kama kawaida, naye akaitika "Présent", yaani nipo, kama mtu aliyetoka kunywa maji nje. Wengine wanne walirudi baadaye. Shekinah bado. Majina yalikuwa sitini na matatu, na hakuna lililowahi kufutwa.

Alikuwa amefika katikati ya orodha Papa Symphorien alipoingiza kichwa mlangoni. Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Jina yako iko," alinong'ona. "Nimeiona na macho yangu. Nambari saba. Ukae hapa hapa, Madame. Usitoke hata kama ni kwenda mu choo."

Furaha ilimpanda Joséphine-Marie hadi machoni. Miaka tisa, na sasa jina lake liko kwenye karatasi ya mtu aliye uani, hatua chache kutoka mlangoni mwake. Alitaka kucheka, alitaka kumkumbatia mkurugenzi pale pale mbele ya watoto. Kisha akakumbuka beseni mbili chini ya kitambaa, na furaha ikashuka ilikotoka.

Wakaguzi walianzia darasa la sita, kwa mwalimu Floribert, kabla ya kushuka la tano na hatimaye kwake. Wangekuwa watu wa haraka ingekuwa kazi ya dakika kumi. Hawakuwa watu wa haraka. Walihesabu watoto, wakahesabu tena, wakabishana kama jina la Floribert lina herufi t mwishoni au halina, wakaagiza daftari kutoka ofisini, na daftari lilipokuja likawa silo. Saa tatu ikapita. Joséphine-Marie aliandika sehemu moja ubaoni mara mbili na hakuna mtoto aliyemwambia. Walikuwa wanamtazama yeye, si ubao.

Saa tatu na nusu Mama Anne akatokea dirishani. Alikuwa ameupanda mlima ule mkali na magoti yake mabaya, na mkononi alishika sahani iliyofunikwa kitambaa.

"Mimi siko najua mambo ya mukate," alisema, bila kumtazama binti yake usoni. "Lakini ile kitu iko inapumua. Inaanza kutoka mu beseni."

Akafunua kitambaa. Alikuwa amekata tonge la unga akalileta, kama mtu anayempelekea daktari mtoto ili amwangalie. Joséphine-Marie akanyoosha mkono dirishani akabonyeza kwa kidole. Shimo la kidole likirudi upesi, unga bado. Likirudi polepole, ndio wakati wenyewe. Lisiporudi kabisa, umekwisha, utaoka kitu bapa na kichachu ambacho hata kuku watakiangalia mara mbili. Wote wawili walitazama lile shimo. Likarudi polepole, polepole sana, likabaki na kovu kidogo katikati. Alijua ana nusu saa, labda pungufu.

"Moto nimewasha," Mama Anne akaongeza, akitazama pembeni. "Uliniomba."

Lakini kuoka hakujua, na hilo halikuwa jambo la kufundishana dirishani. Moto wa tanuri lile ulisomwa kwa mkono, kwa kutupia chembe za unga na kuangalia zinavyogeuka rangi, na mkono uliozoea kuusoma ulikuwa mmoja tu.

Hapo Floribert akavuka uwanja. Wakaguzi walikuwa wamemaliza naye, wakaingia darasa la tano. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye tai ya kahawia aliyoivaa wiki nzima, na miaka yake ya kungoja ilikuwa kumi na minne. Uso wake uling'aa. Joséphine-Marie akamwita dirishani akamuuliza kama amethibitishwa.

"Bila shida. Leo njo mara ya tatu."

Joséphine-Marie alidhani hakusikia vizuri. Akamuuliza, ya tatu namna gani? Floribert akaeleza kwa uvumilivu wa mwalimu mzuri. Alithibitishwa mara ya kwanza miaka sita iliyopita, mara ya pili mwaka ule daraja lilipobebwa na maji, na leo tena. Karatasi zitakwenda Goma, kutoka Goma zitakwenda Kinshasa, na huko zitaangaliwa.

"Na mushahara?" aliuliza.

"Itakuja. C'est déjà un pas, Madame." Ni hatua moja tayari, alimaanisha, na akainyoosha tai yake.

Hatua! Mimi ningemwonea Floribert hasira, lakini Joséphine-Marie hakuona hasira. Aliona kwamba mtu huyu ana furaha ya kweli. Hakuwa akijidanganya wala kujikaza. Kuitwa jina na kuitika kulimtosha, na kungemtosha tena mara ya nne. Akakumbuka dakika ile Papa Symphorien alipomnong'oneza nambari saba, jinsi machozi yalivyomjaa, na akaogopa. Alikuwa ameogopa risasi maishani mwake, na alikuwa ameogopa njaa, lakini woga wa kufanana na mtu mwenye tai ya kahawia ulikuwa mpya kwake.

Angeweza kungoja. Tuseme ukweli, pengine mkaguzi angefika baada ya dakika kumi, naye angeitika, akakimbia, akawahi. Au pengine mwaka huu karatasi zingefika Kinshasa kweli, na wote sita wakalipwa, hakuna ajuaye. Lakini kupitia ukutani alisikia wanauliza tena habari za daftari, na hata kama angewahi leo, Ijumaa ijayo ingekuja, na Jumanne, na ukaguzi mwingine wa Jumatatu usiokuja hadi Ijumaa. Ilibidi aache kitu kimoja, na kama hatakichagua yeye, unga ungemchagulia kwa kuchacha.

Akaweka chaki chini. Akawaambia watoto waendelee na sehemu za kumi, wasipige kelele. Hakuwaambia anakokwenda, akatoka mlangoni, akamkuta mama yake na sahani, wakaanza kuteremka uwanja.

Walikuwa wamefika kwenye nguzo ya bendera aliposikia mlango wa darasa la nne ukifunguliwa na sauti ngeni ikisoma kwa nguvu.

"Mapendo Joséphine-Marie."

Akasimama. Kutoka hapo hadi mlangoni ni hatua thelathini. Angesema alikwenda chooni, nani angemkatalia? Mama Anne alisimama naye, akimtazama usoni safari hii, na hakumvuta huku wala huko.

"Mapendo Joséphine-Marie," sauti ikarudia, na sasa ilikuwa na ukali.

Na watoto, kwa kuwa ndivyo alivyowafundisha tangu wakiwa wadogo, wakaitika wote kwa pamoja, bila hata mmoja kuchelewa:

"Atarudia."

Angeelewa kama wangenyamaza, au kama wangesema ametoka. Neno hilo hasa, kwa sauti hiyo hasa, hakulitegemea. Alishika nguzo ya bendera kwa mkono mmoja akapumua. Kisha akamnyang'anya mama yake ile sahani, akakimbia.

Kuhusu mikate sina mengi. Sinia la kwanza liliungua upande mmoja kwa sababu moto ulikuwa umepita kiasi. La pili lilitoka vizuri, la tatu na yaliyofuata vizuri zaidi, na Mama Anne alipanga mikate kwenye mifuko akijipuliza vidole na kulalamika kwamba ni moto kana kwamba mkate ungetoka tanurini ukiwa baridi. Injini ya Guy ilikwisha kuwaka walipofika barabarani. Alipasua mkate mmoja, akaunusa, akatupa mifuko juu ya mzigo.

"Jumanne?" aliuliza kutoka dirishani.

"Jumanne," alijibu Joséphine-Marie, na hapo ndipo alipoacha kazi ya serikali, si pale kwenye nguzo ya bendera.

Alasiri Papa Symphorien alishuka hadi jikoni kwao. Hakukaa alipoambiwa akae. Alisema mkaguzi aliuliza hilo atarudia ni nini, watoto wakamweleza habari za Shekinah na Prince na nukta. Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho, hakuwa mtu mbaya. Kisha akaweka msalaba.

"Miaka tisa, Madame," alisema mkurugenzi. Alikuwa karibu kulia, na alikuwa amekasirika kwa sababu hiyo.

"Tisa," alikubali.

Alipoondoka, Joséphine-Marie alifagia majivu na kulia. Hakulia kwa majuto, ila hakulia kwa furaha pia, na asikudanganye mtu kwamba jambo kama hilo lina jina moja. Mama Anne aliketi kwenye kigoda akila mkate ulioungua upande, akauzungusha akala na ule upande ulioungua. Kuhusu heshima hakusema kitu siku hiyo, wala baadaye.

Jumatatu alipanda shuleni kurudisha rula kubwa ya ubao iliyokuwa imebaki kwake. Alikusudia kuiacha ofisini na kushuka. Lakini ofisi ilikuwa tupu, kwa kuwa Papa Symphorien mwenyewe alikuwa akishika darasa la nne, na alipokaribia alimsikia akisoma majina. Prince, Présent. Tumukunde, Présente. Shekinah, atarudia. Akafika mwisho, jina la sitini na tatu. Kisha akasita kidogo, akasoma jingine.

"Mapendo Joséphine-Marie."

"Atarudia," darasa likaitika.

Aliingia bila kubisha. Watoto wakasimama kwa kishindo, na kwenye nyuso zao aliona kile alichokiogopa: walikuwa wameshinda. Prince alirudi, wengine wanne walirudi, na sasa Madame. Akaenda mezani akaangalia daftari. Jina lake lilikuwa chini kabisa, la sitini na nne, kwa mwandiko wa kitoto ulioegemea kulia, na mbele yake nukta. Mkurugenzi akatazama dari.

Joséphine-Marie alimwomba kalamu. Aligeuka akawatazama mmoja mmoja.

"Ile neno tuliiweka juu ya wale walikimbia," aliwaambia. "Shekinah alikimbia. Hakupenda kwenda, njo maana tunamungojea. Mimi sikukimbia. Mimi nilienda."

Walikuwa watoto wa Hombo, walijua namna nyingi za mtu kutoka nyumbani kwake, lakini hii walikuwa hawajaisikia. Mmoja nyuma akauliza kama sasa hatawafundisha tena. Akasema hapana. Akasema atawaona barabarani kila siku, na wakipita watanusa mkate wakajua yuko.

Akaweka ile rula aliyoileta juu ya ukurasa, akachora mstari juu ya jina lake. Ulikuwa mstari wa kwanza katika daftari lile, na aliunyoosha vizuri jinsi alivyokuwa akiwataka wao wanyooshe.

"Ya Shekinah muache," alisema.

Kisha akashuka kwenda kuchekecha unga wa Jumanne.